Ardhi Iliyoganda Haipimwi kwa Wastani

Mhandisi anayejenga Alaska au Siberia hukabidhiwa kiwanja ambacho chini yake kuna mgando wa kudumu, yaani ardhi iliyokaa kwenye nyuzi 0 za Selsiasi au chini ya hapo kwa angalau miaka 2 mfululizo. Juu ya mgando huo lipo tabaka linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena baridi ikirudi. Tabaka hilo ndilo linalosumbua majengo.

Tangu 1991 watafiti wa nchi mbalimbali hulipima kupitia mpango uitwao CALM. Karibu na Utqiaġvik, kaskazini kabisa mwa Alaska, umetengwa mraba wenye upande wa kilomita 1 na kuwekwa alama kila baada ya mita 100: mistari 11 kwa 11, jumla nukta 121. Kiangazi kikiisha, mpimaji hupita nukta kwa nukta akiwa na ufito wa chuma, huuchomeka udongoni mpaka ugote kwenye mgando, kisha huandika kina. Kazi ya mkono huishia hapo. Kazi ngumu ni kuzisoma namba hizo.

Mwenye haraka atazijumlisha na kutafuta wastani. Lakini nukta jirani hufanana. Penye kuvumwani nene joto halipenyi sana. Penye udongo mtupu hupenya zaidi, na hali hiyo huenea eneo zima. Kwa hiyo vipimo 121 si mashahidi 121, na anayevihesabu hivyo huyaamini matokeo yake kupita kiasi. Mwaka 1950 mwanatakwimu Patrick Moran alitoa kipimo cha kufanana huko: hukaribia 1 majirani wanapofanana sana, huwa karibu na sifuri pasipo na mpangilio, na huwa hasi vina virefu na vifupi vinapopokezana kama miraba ya drafti. Mwaka 1974 Julian Besag akaonyesha jinsi ya kuunda modeli ambamo kila nukta huelezwa kupitia majirani zake.

Tofauti kati ya majirani ndiyo inayopasua kuta. Nyumba nzima ikititia sentimita 10 kwa usawa, inaweza kusalimika. Kona moja ikititia peke yake, nyufa haziepukiki. Kuganda nako kuna hatari yake. Wengi walidhani udongo huinuka kwa sababu tu maji yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Kufikia 1930 Stephen Taber alikuwa amelowesha udongo kwa benzini, kimiminika kinachosinyaa kinapoganda, na bado ukainuka! Kumbe kimiminika hufyonzwa kutoka chini kwenda kwenye barafu inayokua, na barafu hiyo huusukuma udongo juu. Udongo laini huinuka sana, ilhali changarawe iliyo kando yake haisogei.

Ndiyo maana wajenzi wa bomba la mafuta la Alaska, lililokamilika 1977, hawakulifukia lote. Walichunguza udongo wa kila sehemu, na zaidi ya nusu ya urefu wake wa kilomita 1,287 wakaipitisha juu ya nguzo, nyingi zikiwa na mirija ya amonia inayoondoa joto kutoka ardhini.

Nawe unayeagiza uchunguzi wa udongo kwa ajili ya msingi, usipokee namba moja ya wastani. Dai kipimo cha kila nukta, pamoja na ramani inayoonyesha kilipochukuliwa.