Mkono Ndani ya Ubongo: Sitiari katika Umbo la Kalmodulini

Makala haya yananuia kufafanua umbo la kalmodulini, protini inayonasa kalsiamu katika seli za ubongo, na kubainisha jinsi sitiari inavyobeba maarifa ya sayansi.

Kalmodulini iligunduliwa mwaka wa 1970 katika uchunguzi wa ubongo uliofanywa na Wai Yiu Cheung nchini Marekani na Shiro Kakiuchi nchini Japani, kila mmoja kivyake. Imeundwa kwa asidi amino 148 zilizofuatana mithili ya shanga katika uzi. Uzi huo umejikunja ukafanya vifundo viwili vilivyounganishwa kwa kiungo chembamba. Kila kifundo kina sehemu mbili za kunasia kalsiamu. Hivyo basi, kalmodulini moja hubeba ayoni nne.

Sehemu hizo huitwa "mikono ya EF". Asili ya jina ni protini nyingine, pavalbumini, iliyopatikana katika misuli ya samaki wa maji baridi. Robert Kretsinger na C. E. Nockolds walipolieleza umbo lake mwaka wa 1973, vipande vyake vilivyojisokota kama parafujo vilipewa herufi A hadi F. Kipande E kililinganishwa na kidole cha shahada kilichonyoshwa, F na kidole gumba, nacho kidole cha kati kilichokunjwa kikawakilisha kitanzi kinachoizunguka kalsiamu. Kitanzi hicho kina asidi amino 12, na atomu za oksijeni ndizo zinazoishika ayoni.

Mfasiri akiandika "mkono wa EF" pasi na maelezo, msomaji atatafuta kiganja asikione. Akitaja shahada na gumba, maneno ambayo Kiswahili kinayo tangu jadi, umbo hudhihirika papo hapo.

Hata hivyo, kila sitiari ina mipaka yake. Mkono wa mtu hufumbika unaposhika kitu. Kalmodulini inaponasa kalsiamu, vifundo vyake hufunguka na kufichua nyuso zinazoepa maji. Nyuso hizo hushikamana na protini nyinginezo, kikiwemo kimeng'enya CaMKII, ambacho huchangia kuimarisha miunganiko ya seli za neva mtu anapojifunza. Msomaji aliyeachiwa picha ya ngumi iliyofumbwa atakuwa ameikosa kazi yenyewe ya protini hii.

Kwa hivyo, mwanaistilahi hana budi kukielewa kitu kabla ya kukiteulia neno. Asipofanya hivyo, lawama itakiangukia Kiswahili, ilhali upungufu si wa lugha.