Ua la Usambara ndani ya tungi la kioo

Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alivutiwa na mmea mdogo wa milima ya Usambara: majani yenye manyoya laini, maua ya zambarau na kitovu cha njano. Akampelekea baba yake Ujerumani. Baba, mpenzi wa mimea, akaufikisha kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akautangaza kwa wanasayansi kwa jina la Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya familia hiyo.

Mwaka huohuo mkonge ukaingia Tanga ukitokea Florida. Muulize mzee yeyote wa Tanga habari za mkonge, atakusimulia mpaka jua lizame. Ua lililoondoka wakati mkonge unaingia, wachache sana wanalijua.

Huko lilikokwenda, halikukaa kinyonge. Katika miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kilizalisha aina mpya kutokana na mbegu zilizoagizwa Ulaya, na mwaka 1946 wapenzi wa ua hilo Marekani wakaanzisha chama chao, ambacho kipo hadi leo. Sasa kuna maelfu ya aina: nyeupe, za waridi, zenye maua ya kukunjamana, na vibeti ambavyo majani yake yote hayazidi upana wa inchi 6. Mwaka 2015 wataalamu waliuhamishia mmea huu kwenye jenasi ya Streptocarpus. Wakuzaji wa maua wamebaki na jina la zamani, na makala hii inawafuata wao.

Vibeti hivyo ndivyo vinavyofaa kupandwa ndani ya kioo, na sababu iko milimani. Kule Amani, katika milima ya Usambara, saintpaulia hushikilia nyufa za miamba, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mara nyingi jirani na kijito. Udongo wake ni kiganja tu cha majani yaliyooza. Mwanga unaoufikia umechujwa na matawi, na hewa haikauki. Uulete mmea huo sebuleni kwenye feni inayozunguka mchana kutwa, au Dodoma wakati wa kiangazi, machipukizi ya maua yatakauka kabla hayajafunguka. Tungi la kioo huurudishia hewa yake.

Ufundi wenyewe uligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Bagshaw Ward, alifukia pupa wa nondo kwenye udongo mbichi ndani ya chupa iliyofungwa, akitaka kumwona akitoka. Badala yake akaona kangaga na jani la nyasi vikichipua. Maji yalipanda kama mvuke, yakageuka matone kwenye kioo, yakarudi chini. Mwaka 1833 masanduku yake ya kioo yalisafirisha mimea hai hadi Sydney. Wakoloni hawakuchelewa kuona faida: kwa masanduku hayo chai ya China ilipelekwa India, na miche ya mpira wa Brazili, iliyooteshwa kwenye bustani za Kew mjini London, ikapelekwa Ceylon (Sri Lanka ya leo). Pambo la mezani la leo lina historia ya uporaji nyuma yake.

Anayetaka kuanza hahitaji vifaa vya ghali. Tangi la samaki lililostaafu linatosha, au tungi lenye mdomo mpana wa kupitisha mkono. Chini hutandazwa changarawe iliyooshwa, kimo cha vidole viwili, kisha makaa yaliyopondwa, kisha mboji iliyochanganywa na mchanga mwingi. Udongo wa shambani haufai. Hushikamana na kuozesha mizizi. Tungi likae karibu na dirisha lisilopigwa jua, kwa sababu jua la moja kwa moja hulipasha joto likapika kilichomo.

Kosa linaloua zaidi ni maji. Mtu akiangalia kioo atajua: ukungu mwepesi asubuhi unaoondoka mchana ni dalili njema. Matone yakitiririka kutwa, kifuniko kisogezwe wazi kwa siku mbili tatu. Maji yamwagwe pembeni, yakiwa na joto la chumba, kwani maji baridi huacha mabaka kwenye majani. Ua lililonyauka litolewe mara moja, maana fangasi huanzia hapo.

Saintpaulia wanaye jamaa wa Brazili anayefaa zaidi kwa chupa ndogo: Sinningia pusilla, mwenye majani ya sentimita chache tu na ua la zambarau nyepesi, ambaye hujiotesha mwenyewe kwa mbegu. Adeniamu inayouzwa na wauza maua wa barabarani, kwa uzuri wake wote, isiingizwe humo. Ni mmea wa ukame na itaoza.

Kuzidisha saintpaulia ni kazi ya jani moja. Hukatwa pamoja na kikonyo chake, ncha ikakatwa mshazari, kikonyo kikachomekwa kwenye mchanga wenye unyevu na kufunikwa kwa glasi. Baada ya wiki kadhaa vijimea huibuka shinani, kila kimoja tayari kuhamishwa kikishapata majani ya kukishika.

Kwa hiyo hakuna sababu ya kwenda kung'oa msituni. Saintpaulia wa asili wanapatikana Tanzania na Kenya tu, baadhi kwenye vilima vichache mno, kama yule wa miamba ya Cha Simba, Kilifi. Miti ya juu ikikatwa, mwamba hukauka na mmea hufa hata kama hakuna aliyeugusa. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, inapokea wageni. Nenda ukawaone palepale wanapoota, uwaache. Wa kupanda nyumbani, omba jani kwa jirani mwenye chungu chake.