Umeme Umewaka, Deni Limebaki

Hivi ni lini umeme ulikatika nyumbani kwako usiku, ukaangalia salio la simu ukakuta halitoshi, kisha simu yenyewe ikakuambia usijali, itakuongezea? Ukabonyeza. Taa zikawaka, watoto wakaendelea na masomo yao, nawe ukalala ukishukuru. Leo napenda tuzungumze juu ya kubonyeza huko.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mpinzani wa kulipa bili kwa simu. Zamani mama wa Masoko alipokuwa na shughuli ya malipo ilimbidi afunge safari hadi Tukuyu mjini, mvua inyeshe isinyeshe, na kwetu Rungwe mara nyingi inanyesha. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, wakala amekuwa jirani yetu. Umeme, maji, king'amuzi, hata ada ya shule, vyote vinalipwa palepale kibandani. Wakala na kampuni ya simu wamesimama kati yako na yule unayemlipa, na kazi yao ina ujira wake. Hilo halina ubaya wowote.

Ugumu unaanza pale anayesimama katikati anapolipa kwa fedha yake badala ya yako. Vodacom wanaiita huduma hiyo Songesha, na mitandao mingine inayo ya kwao kwa majina yao. Salio likipungua, wanajazia ili malipo yakamilike. Wenzetu wa Marekani wana jambo linalofanana na hili, ila wao hutumia kadi ya mkopo. Mwenye nyumba asiyepokea kadi, kampuni ya katikati humlipa kwa niaba ya mpangaji, kisha humtoza mpangaji ada. Kampuni moja iitwayo Plastiq ilikuwa ikitoza karibu dola 3 katika kila 100, mbali na riba ya benki kwa asiyelipa kadi yake kwa wakati. Mwaka 2023 kampuni hiyo iliomba kinga ya sheria ya ufilisi, ikauzwa.

Dola 3 katika 100 huenda zikaonekana nyingi. Sasa tuangalie za kwetu. Tuseme umejaziwa 5,000, na kila siku deni linaongezeka kwa 100. Mia moja ni nini? Hata andazi huenda usipate. Lakini malipo ya chai yakichelewa siku 10, umeshaongeza 1,000, yaani shilingi moja katika kila tano ulizokopa. Viwango hutofautiana na hubadilika, kwa hiyo usitegemee mfano wangu. Soma maandishi yanayotokea kabla hujaweka namba ya siri. Wengi wetu tunaruka maandishi hayo kama tunavyoruka karatasi ndani ya boksi la dawa.

Tena, hiyo 5,000 haiingii yote kwenye mita. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu 2023 ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida inayohusika. Usiponunua umeme mwezi mmoja, kodi inakusubiri. Mama aliyekaa miezi miwili bila kununua, akakopa 3,000 ili apate mwanga, anaweza kuona yote imekwenda kwenye kodi, na giza liko palepale. (Mpangaji mwenzangu, kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Weka kumbukumbu, mzungumze naye mnapolipana pango.)

Jambo jingine ni kundi la mita. Nyumba iliyo katika kundi la matumizi madogo, yasiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, hupata kama yuniti 8 kwa 1,000. Nyumba iliyo katika kundi la kawaida haifiki yuniti 3 kwa 1,000 hiyo hiyo. Nimekutana na wajane wenye taa tatu na redio wanaolipa kama wenye jokofu na pasi. Kwenda TANESCO kuuliza uko kundi gani kutakuokolea fedha nyingi kuliko mkopo wowote wa simu.

Sasa nieleze kwa nini mimi muuguzi ninajishughulisha na mambo ya LUKU. Alikuja mama na mtoto wake wa miaka 7, anahema kwa shida, nimonia. Dawa moja haikuwapo dirishani, ikabidi ikanunuliwe duka la nje. Mama akampigia kijana wake aliyeko Dar es Salaam, naye hakuchelewa, akatuma 20,000. Ujumbe ulipoingia tulifurahi wote. Ukafuata ujumbe wa pili: deni limekatwa, pamoja na ada zake. Lilikuwa la umeme wa wiki kadhaa nyuma, na mama alikuwa amelisahau kabisa. Kilichobaki hakikutosha dozi. Alisimama pale koridoni ameshika simu, akaniuliza, "Sista, sasa niwaambieje?" Hapakuwa na wa kuambiwa. Ndivyo mkopo huo ulivyotengenezwa: fedha yoyote inayoingia, deni ndilo hula kwanza, na mashine haijui kwamba hii ilikuwa ya mgonjwa. Majirani wa wodini walichanga, dawa ikapatikana jioni. Mtoto alipona.

Ndiyo maana nasema bili iliyolipwa kwa mkopo haijaisha. Imehamia tu kwenye fedha ya kesho, nawe hujui kesho italeta nini. Na kwetu fedha huja kwa majira. Chai hulipwa kwa mwezi, parachichi lina msimu wake, ndizi na maziwa hutupa kidogo kidogo. Basi siku ile ya malipo ya chai, kabla ya kitenge, nunua umeme wa mwezi. Yuniti zilizomo kwenye mita hakuna awezaye kuzikata kwa deni la simu. Ukipungukiwa, anza na kikundi chenu cha akina mama, ambako mwenzako anakufahamu na unajua masharti. Usikimbilie kausha damu, wala programu za mikopo usizozijua. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu bila leseni.

Kwa wakala nako tuwe macho. Kuweka fedha kwenye simu yako hakulipiwi. Anayekudai ada ya kuweka, muulize ni ya nini. Namba ya siri usimtajie, hata kama ni mtoto wa dada yako. Namba ya mita ina tarakimu 11, isome taratibu naye airudie, kwa maana akikosea moja umeme huenda ukaenda kwa mwingine.

Na nyinyi wenye watoto Dar es Salaam, Mbeya au ng'ambo, waambieni hivi. Simu ya mama ikiwa na deni, wasitume fedha ya umeme kwenye simu hiyo. Wanunue umeme hukohuko kwa namba ya mita yako. Ukiwa hospitali ya serikali, omba namba ya malipo, ile ya tarakimu 12, umsomee mtoto naye alipe alipo. Fedha itafika inakotakiwa bila kupitia mkononi mwa deni. Zile tarakimu 20 za umeme awatumie kwa ujumbe, na mjukuu aziandike kwa herufi kubwa kwenye daftari, nne nne, ili bibi aziingize mwenyewe bila miwani.