Siku ya Kuokoka na Miaka Yake

Anayesimama kutoa ushuhuda katika kikao cha Walokole, watu wa Uamsho, hutarajiwa kuitaja siku yake: alikuwa wapi, dhambi gani ilimchoma dhamiri, na saa ngapi mzigo ulimwondoka, ilhali Mkatoliki aliyekulia katika mafundisho ya parokia, akiulizwa ameokoka lini, aghalabu hushangaa, kana kwamba ameulizwa siku aliyoanza kuwapenda wazazi wake.

Huyu wa pili ana nyuma yake kanuni ya Kardinali Lavigerie, ambaye wamisionari wake, walioingia Buganda mwaka 1879, waliamriwa wasimbatize mtu mzima, isipokuwa aliye katika hatari ya kufa, kabla hajatimiza miaka 4 ya kufundishwa na kuangaliwa mwenendo. Kanuni hiyo haikukawia kutiwa mtihanini. Mwezi wa Mei 1886, ghadhabu ya Kabaka Mwanga ilipowaelemea vijana wa ikulu pale Munyonyo, Karoli Lwanga, aliyekuwa mkubwa wao, aliwabatiza kwa mkono wake, usiku mmoja, wakatekumeni kadhaa, akiwemo kijana mdogo Kizito, ambaye tarehe 3 Juni alichomwa moto huko Namugongo siku moja na yeye. Ukiutazama usiku ule peke yake utasema imani huja kwa ghafula. Lakini maji yale yaliwaangukia watu waliokwisha kufunzwa sala na kuzishika kwa siri, wala hapakuwa na haja ya kuelezwa wanamfia nani.

Uamsho nao, ambao chimbuko lake aghalabu hutajwa kuwa ni kukutana kwa Daktari Joe Church wa Gahini, Rwanda, na Simeoni Nsibambi mjini Kampala mwaka 1929, uliwatikisa zaidi watu waliokuwa tayari wamebatizwa, wenye majina ya Kikristo, pengine walimu wa dini. Basi siku waliyoitaja haikuwa ile ya kwanza kumsikia Kristo, bali ile ambayo habari waliyoijua zamani iliwageukia wenyewe, hata wakarudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni waliyoyakana. Tena, na hapa ndipo ninapoiona hekima yao kuliko katika tarehe zao, hawakumwacha aliyeokoka aishi kwa kumbukumbu ya siku hiyo; walimwita kikaoni juma baada ya juma, aungame mbele ya ndugu husuda, uongo na hasira za siku zilizopita.

Watetezi wa ghafula humtanguliza Mtume Paulo, na wana haki, maana nuru ya njia ya Dameski haikumtaka shauri kwanza. Ila yeye mwenyewe, akiwaandikia Wagalatia, anataja Arabuni, na miaka 3 kabla ya kupanda Yerusalemu kuonana na Kefa. Mimi nasadiki kwamba saa ya kukata shauri ni ya kweli, lakini mwenyewe huitambua maana yake akiwa amekwisha kuipita mbali. Agostino aliwafuata Wamanikeo kwa miaka 9 hivi, akasoma wanafalsafa, akasikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi, mama yake Monika akimlilia muda wote huo, ndipo ikaja ile saa ya bustanini, Milano, mwaka 386. Akabatizwa Pasaka iliyofuata, wala hakuanza kuyaandika Maungamo yake ila baada ya miaka 10 hivi. Na katika kitabu cha 10 cha maandiko hayo, akiwa sasa askofu wa Hippo, anajipekua mbele ya Mungu na kukiri kwamba bado anavutwa na chakula, na utamu wa nyimbo, na sifa za watu.