Antena Inayojua Kugeuka

Kama umewahi kutumwa nje usiku kuzungusha mlingoti wa eria huku watu wakipiga kelele ndani, "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguse!" basi makala haya ni yako. Kazi hiyo nimeifanya tangu darasa la nne. Nikiuachilia mlingoti tu, picha inakwama, mpira unapotea, nami nalaumiwa kana kwamba ni mimi niliyefungwa bao. Siku moja nilimwuliza mwalimu wetu wa Fizikia kama haiwezekani antena ijigeuze yenyewe. Alicheka, akasema zipo kitambo, tena huenda kila mzazi wetu anatembea nayo mfukoni ndani ya simu. (Sisi wanafunzi haturuhusiwi simu shuleni, kwa hivyo hapo sisemi zaidi.)

Tuanze na antena yenyewe. Ni waya tu, au kipande cha bati. Wimbi la redio likipita, husukuma umeme mdogo ndani ya waya huo, mbele na nyuma. Urefu wa waya ukilingana na wimbi, umeme huo hupata nguvu, kama bembea inayosukumwa kwa wakati wake. Hesabu yake tuliisoma kidato cha pili: kasi gawanya kwa masafa. Njia ya mkato ni kugawanya 300 kwa megahezi, na jibu ni mita. Chukua redio ya FM kwenye 100: wimbi lina urefu wa mita 3, robo yake ni sentimita 75. Niliuvuta mkonga wa redio yetu wote nikaupima, nikapata 71. Kwa hivyo ukiurefusha mkonga, ukaufupisha na kuuinamisha, wewe mwenyewe unaibadilisha antena, ila kwa mkono.

Televisheni za dijitali hapa Kenya ziko kati ya megahezi 470 na 694. Nusu ya wimbi hapo ni sentimita 32 hadi 22 hivi, ndiyo sababu vijiti vya eria unazoziona juu ya mabati ya Karatina ni vifupi. Hizo zenye umbo la mfupa wa samaki zilibuniwa Japani mwaka 1926 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi. Mbele zinasikia sana, kandokando ni kama viziwi. Hapo ndipo mimi hutumwa nje.

Sasa fikiria simu. Kwenye megahezi 900 nusu ya wimbi ni karibu sentimita 17, kwenye 1800 ni 8 na kitu, na bado kuna masafa mengine chungu nzima. Nafasi ya kuwekea kila moja antena yake itatoka wapi? Wahandisi wakaamua kuikata antena vipande na kuweka swichi ndogo sana katikati. Swichi ikiwashwa, vipande vinakuwa kimoja kirefu. Ikizimwa, kinabaki kifupi. Mara nyingi swichi hiyo huwa daiodi: ukiipa umeme inapitisha, ukiunyima inakatiza. Nyingine hutumia kapasita inayobadilika, na antena hufanya kazi kana kwamba imerefushwa ilhali hakuna kilichosogea. Lakini hakuna cha bure. Kila swichi inakula sehemu ya nguvu, na zile nyaya za kuilisha daiodi nazo hutaka kuwa antena, zikaharibu hesabu yote.

Kuna pia kugeuza upande bila kugeuza chombo, na hili ndilo lililonishangaza zaidi. Umeona gwaride likikata kona? Wa ndani hukanyaga karibu papo hapo, wa nje hunyosha hatua, na safu nzima inageuka. Antena nyingi ndogo zikipangwa pamoja, nyingine zikacheleweshwa kidogo, wimbi zima hugeuka vivyo hivyo. Mjerumani Ferdinand Braun alionyesha jambo hili mwaka 1905 kwa antena tatu. Leo lipo kwenye vile visahani bapa vya Starlink, huduma iliyoingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake nyingi huizunguka dunia kwa kama dakika 95, kwa hivyo moja ikitua upeoni kisahani lazima kiishike nyingine mara moja. Hebu nipe mimi mlingoti nifanye hivyo!

Lakini si mpira wala setilaiti vilivyonifanya nilifuatilie jambo hili. Cucu wangu anaishi peke yake bondeni, karibu na mto Ragati, na kilima kinamfungia mawimbi. Simu yake haishiki mtandao hadi apande barabarani, na magoti yake hayapandi tena. Habari zake zote ni za redio. Mwaka jana rafiki yake, ambaye walichuma kahawa pamoja tangu usichana, aliaga dunia. Tangazo lilisomwa redioni jioni mbili mfululizo, na jioni zote mbili redio ya cucu ilikuwa inakwaruza tu. Aliambiwa na mchukuzi wa maziwa, siku mbili baada ya mazishi. Hakulia mbele yangu. Aliniuliza tu, "Mume wangu," (huniita hivyo kwa kuwa nina jina la babu) "walinitafuta wakanikosa, au hawakunitafuta?"

Sikuwa na jibu.

Likizo ya Agosti nilichukua waya wa shaba, nikakata vipande vinne vya sentimita 75, nikatengeneza antena mbili za vipande viwili viwili. Antena ya namna hii husikia vizuri ubavuni, na kwenye ncha zake husikia vibaya. Stesheni moja ya cucu hufika kutoka upande wa Nyeri, magharibi, na nyingine kutoka kusini. Kwa hivyo moja niliinyosha kaskazini hadi kusini, ya pili mashariki hadi magharibi, zote juu ya mwanzi tuliofunga kwenye mti wa mukima. Baba ndiye aliyeshika ngazi, na matusi yake siyaandiki hapa. Nyaya mbili zikaingia dirishani hadi kwenye swichi ya njia mbili, ile ya ngazi za ghorofa, kisha kwenye mkonga wa redio. Msuko wa nje wa kebo niliuunga kwenye hasi ya betri. Mwanzoni nilisahau kuuunga, nikapoteza siku nzima nikilaumu kilima.

Stesheni ya kusini bado hukwaruza kidogo. Ya Nyeri inasikika wazi. Cucu hajui daiodi, lakini upande wa swichi unaoleta matangazo ya vifo ameufunga uzi mwekundu. Jioni ya kwanza alisikiliza majina yote hadi la mwisho, hakuna aliyemfahamu, akazima redio, akanituma nimletee kuni.