Injini ya M3 Haifi kwa Resi

Juzi nimepata tena ujumbe wa sauti wenye swali lile lile. Kijana amenunua BMW M3, umbo la E46, lile lililotengenezwa kati ya mwaka 2000 na 2006, na kabla hajabadilisha hata jina kwenye kadi ya gari ameshashauriwa na mtaa mzima. "Fundi, shikamoo. Nasikia beringi za injini hii huisha mapema kwa sababu ya resi. Nikijizuia nisivuke elfu tatu, si itanidumu? Na niweke dawa gani kwenye oili?"

Marahaba. Hapana, haitakudumu kwa njia hiyo. Na dawa usiweke. Nimeshajibu hivi gerejini, kwenye simu, na mara moja nikiwa kwenye foleni ya benki, kwa hiyo sasa naandika, ili atakayeuliza tena nimpe ukurasa huu asome kwanza.

Anayefuatilia safu hii anajua pistoni na krenki, sitarudi huko. Injini inayozungumzwa ni ile iitwayo S54: silinda sita katika mstari mmoja, sentimita za ujazo 3,246, valvu 24, makoo sita ya hewa, kila silinda na lake, bila tabo. Hutoa nguvu farasi 343 kwenye mizunguko 7,900 kwa dakika, na mstari mwekundu uko 8,000. Pistoni ina kipenyo cha milimita 87 na husafiri milimita 91 kila inapopanda au kushuka. Piga hesabu: kwenye 8,000, mwendo wake wa wastani unapita mita 24 kwa sekunde. Kwa gari ambalo mtu huendea kazini hicho ni kiwango kikubwa sana, na naelewa kwa nini mwenye nalo akiisikia ikilia kule juu anashika kifua.

Hofu hiyo ina mzizi. Magari ya miaka ya mwanzo yalipata matatizo ya beringi za konrodi, na BMW yenyewe ikayaita ili zibadilishwe. Hilo halina ubishi. Lakini watu walisikia "beringi", wakasikia "elfu nane", wakaunganisha wenyewe. Tangu hapo kila mwenye M3 ana rafiki anayemsihi aiendeshe kama pikipiki iliyobeba trei za mayai.

Beringi ya konrodi ni vipande viwili vya nusu mwezi vinavyoikumbatia krenki. Ndani yake hakuna gololi. Kinachotenganisha chuma na chuma ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele, na hapa naomba usikivu wako wote: utando huo haujengwi na pampu. Pampu inafikisha oili mlangoni tu. Anayeujenga ni krenki mwenyewe kwa kuzunguka. Huikokota oili na kuipenyeza kwenye nafasi inayozidi kubana, shinikizo linapanda, na krenki inaelea. Aliyewahi kupanda boti ndogo ya mashine ameliona jambo hili kwa macho. Ikienda taratibu imezama. Ikipewa moto kifua kinainuka juu ya maji. Punguza moto, abiria wakiwa wale wale, nayo inazama tena.

Sasa chukua M3 hiyo ikiwa gia ya tano, kilomita 50 kwa saa. Kwa uwiano wa gia zake, injini iko karibu na mizunguko 1,500. Mbele kuna mlima. Kwa kuwa umeapa sindano isipande, hurudishi gia. Unakanyaga mafuta hadi sakafuni. Silinda zinajaa hewa, mchanganyiko unawaka, pistoni inasukumwa chini kwa nguvu zote. Uso wa pistoni ile ni karibu sentimita 60 za mraba. Shinikizo la bar 60, ambalo si ajabu hata kidogo kwa injini ya petroli iliyokanyagwa hadi mwisho, linakuwa mzigo wa zaidi ya tani tatu na nusu. Mzigo huo wote unaangukia utando wa oili katika mwendo ule ule ambao utando ni dhaifu, na unakaa hapo muda mrefu kwa sababu krenki inajivuta. Gari linatetemeka, linanguruma kwa chini. Hapo ndipo beringi inaumia, na dereva anaamini ameitunza.

Panda nami hadi 8,000. Huko nguvu inayotawala si mlipuko tena, bali uzito wa pistoni yenyewe inapogeuzwa. Ikifika juu kabisa ya silinda husimamishwa na kurudishwa kwa mchapuko unaozidi mara 4,000 ule wa mvutano wa dunia, maana yake kila gramu 100 zinavuta kama kilo 400. Sisemi hilo ni dogo. Nguvu hii hukua kwa mraba wa mizunguko: ukitoka 4,000 kwenda 8,000 unaipata mara nne. Lakini tazama mwelekeo wake. Wakati mlipuko unasukuma pistoni chini, uzito wake bado unataka kupanda. Nguvu mbili zinapingana, na kinachofika kwenye kipande cha juu cha beringi ni tofauti kati yake. Kipande cha chini ndicho kinachobeba mvuto wa pistoni wakati silinda inatoa moshi, na muda huo krenki ina kasi ya kutosha kuujenga utando wake. Konrodi, boliti na springi za valvu za injini hii zilipigiwa hesabu kwa ajili ya 8,000, na zikajaribiwa huko kabla gari halijafika dukani.

Tena, ukiinyima mizunguko hujabaki na injini ya maana. Msokoto wake wa juu ni Newton-mita 365, unaopatikana kwenye 4,900. Hata ungepewa wote kwenye 3,000, na hupewi, nguvu yake ni farasi 156. Ndicho anachobaki nacho mtu aliyeapa kuishia hapo. Aliye Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 16, ana hali ngumu zaidi: hana tabo la kumfidia hewa iliyopungua, na nguvu iliyosalia iko kule juu anakokataa kwenda.

Elfu tatu ina mahali pake pamoja tu, napo ni dakika za kwanza baada ya kuwasha. Oili ambayo kiwanda kiliielekeza kwa S54 ni 10W-60, nzito kuliko inayotumiwa na magari mengi unayoyajua. Katika nyuzi 40 oili ya aina hiyo huwa nzito takriban mara saba kuliko katika nyuzi 100. Ikiwa baridi inapita kwa shida kwenye vitundu vyembamba vya krenki, kwa hiyo ukipiga resi dakika mbili tu baada ya kutoka getini, unaidai beringi kazi kabla hujailisha. Waliotengeneza gari walilijua hili, wakaweka taa kwenye geji ya mizunguko zinazozimika moja baada ya nyingine kadiri oili inavyopata joto, na chini yake wakaweka geji ya joto la oili. Wengi hutazama geji ya maji. Maji hupata moto mapema. Oili huchelewa nyuma yake kwa dakika kadhaa.

Na sasa ile chupa.

Dukani utakuta kifaa chenye gia za plastiki na mpini. Upande mmoja oili ya kawaida, upande wa pili oili iliyochanganywa na dawa. Unazungusha kwa mkono, na ile yenye dawa inapanda kutoka gia hadi gia kama asali, inanata, inavutika nyuzi. Mnunuzi anasema, naam, hii itashika beringi zangu. Nimesimama mbele ya kifaa hicho nikiwatazama watu wazima wakitoa pesa, na nimeondoka na hasira kila mara. Kifaa hicho hakina joto wala mzigo, na mwendo wake ni wa mkono wa mtu. Hakuna chochote ndani yake kinachofanana na beringi ya konrodi. Kunata kule unakokuona kunaingiza hata hewa kwenye oili, na hewa ni adui mkubwa wa utando, kwa sababu povu halibebi mzigo.

Kinachoifanya dawa ya aina hiyo inate ni molekuli ndefu sana. Ndani ya beringi, oili husagwa kati ya kuta mbili kwa kasi ya kutisha, na molekuli hizo hulala upande mmoja kama nyasi za kwenye upepo. Uzito ulioulipia unatoweka palepale ulipohitajika. Nyingine hukatika kabisa na hazirudi. Ndiyo maana wataalamu wa oili hawapimi kwa kuzungusha mpini. Wanapima katika nyuzi 150, oili ikisagwa kwa kiwango cha mara milioni moja kwa sekunde, na kipimo hicho ndicho kinachoonyesha oili itakavyokuwa ndani ya beringi. Mwombe muuza chupa akuonyeshe kipimo hicho cha dawa yake. Mimi bado sijaonyeshwa.

Kumbuka pia kwamba unaichanganya na 10W-60, ambayo tayari ni nzito. Unachofanikiwa kukiongeza ni uzito wa asubuhi, wakati ambao tatizo lenyewe lilikuwa uzito uliozidi. Unapunguza na ukali wa viungo vilivyowekwa na kiwanda cha oili, vya kusafisha na vya kulinda chuma, kwa sababu unavimiminia kitu kisicho navyo. Baada ya hapo injini inanyamaza kidogo, na ukimya huo ndio unaowadanganya watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Oili nzito hufunika mlio wa beringi iliyolegea bila kuiponya. Muuza gari lililoanza kunoki analijua hilo vizuri. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utelezi unaovutika nyuzi kidoleni, rudisha funguo uende zako.

Mara nyingi hata mlio uliomkimbiza mtu dukani si wa beringi. Valvu za S54 hazina tapeti za kujirekebisha zenyewe kwa oili; nafasi yake hurekebishwa kwa visahani vya unene tofauti, na injini nzima ina mlio mkavu kama wa cherehani hata ikiwa nzima kabisa. Watu wamemimina chupa tatu kutibu mlio ambao ungekwisha kwa fila geji na nusu siku ya kazi.

Mizunguko huua injini hii kwa namna moja, na kati ya marafiki hao hakuna anayeitaja: gia iliyokosewa. Uko gia ya tatu, 7,900, unataka ya nne, mkono unaangukia ya pili. Kikomo cha umeme hukata mafuta tu, hakina uwezo juu ya magurudumu, na magurudumu yataivuta injini kuelekea mizunguko 12,000. Nguvu kwenye konrodi zinakuwa zaidi ya mara mbili ya zile za 8,000, valvu zinaachana na kamu, pistoni inazikuta njiani. Aliyefanyiwa hivyo gari lake na aliyelikodi au kuliazima huenda asijue hadi silinda hedi ifunguliwe.

Ya kufanya, basi. Oili ya 10W-60 inayokubaliwa na kiwanda, lita tano na nusu, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, usiongojee taa ya huduma. Kila ukibadilisha, kata filta uikunjue utafute vumbi la chuma. Ukiweza peleka sampuli kwenye maabara zinazopima oili za mitambo ya migodini, waangalie risasi na shaba. Beringi za konrodi mimi huzibadilisha kwa kinga kilomita laki moja zikikaribia, na gari likinunuliwa bila kumbukumbu ya matengenezo huzibadilisha mara moja. Injini haishuki, inashuka sampu, na boliti ziwe mpya. Valvu kila kilomita 50,000 hivi: za kuingiza hewa milimita 0.18 hadi 0.23, za kutoa moshi 0.28 hadi 0.33. Wakati huohuo fungua mfumo wa kubadili majira ya valvu utazame meno mawili yanayozungusha pampu yake, kwa sababu yakikatika vipande huangukia kwenye mnyororo. Inua gari nyuma utafute nyufa kwenye sakafu linapofungiwa daraja la nyuma. Hilo si la injini, lakini ni la E46, na wauzaji hawalitaji. Baada ya kuwasha usiache gari likinguruma uani, ondoka taratibu, mguu mwepesi, hadi taa zizimike. Kupanda mlima, rudisha gia kwanza ndipo ukanyage. Na barabara ikiruhusu, oili ikiwa na joto, ifikishe juu mara kwa mara.

Kijana wangu, lete gari Jumamosi saa moja asubuhi, na uliache limelala hapa kwangu tangu Ijumaa jioni. Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Ukija umeliendesha kutoka nyumbani nitakurudisha.