Majogoo Wanaofanana Rangi: Namna ya Kuwatambua Kabla ya Kuwazalisha



Mvua za Novemba zikishanyesha vizuri na chakula kikaanza kupatikana uani, akina mama wengi hapa Nuu huwawekea kuku mayai ya kuatamia. Hapo ndipo swali la jogoo linapoanza. Kila kikundi cha mwethya kinataka jogoo mmoja mzuri wa kuzungushwa boma hadi boma, na karibu kila kikundi humchagua kwa macho tu. Awe mkubwa, awe na kilemba chekundu, na awe wa rangi ile ambayo watu wamesikia ni ya kuku bora. Sisi pia tulimchagua hivyo, na tuliumia.

Kikundi chetu kilichanga pesa tukanunua jogoo mweupe kwa mchuuzi. Alituambia ni kienyeji aliyeboreshwa. Alikuwa mweupe pee, ila mabegani alikuwa na manyoya machache yenye wekundu kama kutu, nasi hatukuyajali. Tulimzungusha katika maboma manane. Matetea waliotokana naye walitaga vizuri sana, hapo hatuna malalamiko. Shida ilikuja baadaye. Tetea anataga mayai yake kumi na tano, kisha anayaacha na kwenda zake kuchakura! Katika matetea 14 tuliowafuatilia, ni watatu tu walioatamia. Na mnajua kwetu mashine ya kutotoa ni kuku mwenyewe, hatuna nyingine. Msimu uliofuata tulikuwa na mayai mengi ya kuuza, lakini vifaranga wa kurudishia waliokufa na walioibwa na mwewe hawakuwako.

Baadaye tulipouliza, tulielezwa yule jogoo alikuwa nani. Alikuwa kaka wa matetea wa gredi, wale wa kahawia wa kutaga. Kuku hawa wa kahawia hupatikana kwa kuchanganya jogoo mwekundu, wa damu ya Rhode Island Red, na majike weupe. Mchanganyiko huo umepangwa makusudi: vifaranga majike hutoka wa kahawia, na madume hutoka weupe au manjano mepesi. Basi siku ya kwanza tu wenye kiwanda cha kutotoa wanawatenga kwa rangi. Majike huuzwa kwa bei nzuri, na madume, kwa kuwa hawatagi, huuzwa rahisi. Akikua ni jogoo mweupe mwenye sura nzuri. Lakini damu yake ni ya kuku ambao kwa miaka mingi wamechaguliwa wasiatamie, kwa sababu kuku akiatamia anaacha kutaga. Mwenye kiwanda anapenda hivyo. Sisi tunahitaji kinyume chake.

Ndiyo sababu tunaandika habari hii. Kuku wawili wanaweza kuwa na rangi moja kabisa na urithi wao uwe tofauti.

Jambo lenyewe si gumu. Kila kifaranga hupata mafungu mawili ya urithi, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Kuna fungu lenye nguvu, ambalo likiwa moja tu linaonekana. Kuna na fungu la kujificha, ambalo halionekani mpaka yawe mawili. Aliyegundua mpango huu hakuwa mtu wa maabara kubwa. Alikuwa mtawa na padre wa shirika la Mtakatifu Augustino, Gregor Mendel, katika mji wa Brno, na alitumia njegere za bustani ya monasteri. Aliandika matokeo yake mwaka 1866 na watu hawakumsikiliza hadi mwaka 1900, miaka kumi na sita baada ya kifo chake. Muda mfupi baadaye, mwaka 1902, Mwingereza William Bateson alionyesha kwamba kuku nao hufuata mpango huohuo.

Sasa turudi kwa jogoo mweupe. Kwa kweli kuna weupe wa aina kadhaa, na kwa macho wanafanana.

Wa kwanza ni weupe wenye nguvu, kama wa Leghorn. Jogoo mwenye mafungu yote mawili ya weupe huu akipewa kuku mweusi, vifaranga wote watatoka weupe, pengine na vidoa vyeusi hapa na pale. Vidoa hivyo ni alama nzuri. Kuku mweupe mwenye vidoa vidogo vyeusi mara nyingi ana fungu moja tu la weupe huu, na nusu ya watoto wake hawatakuwa weupe. Mjue pia kwamba weupe huu hufunika weusi vizuri, lakini wekundu hupenya.

Wa pili ni weupe wa kujificha. Huyu anaweza kuzaliwa bomani kwako kwa kuku wawili wa rangi, na watu wakaanza kumshuku jirani na jogoo wake. Hakuna aliyekosea. Wazazi wote wawili walikuwa na fungu lililojificha. Jogoo wa namna hii akipewa kuku mweusi, vifaranga karibu wote hutoka wa rangi, na mnunuzi anasema amedanganywa.

Wa tatu ndiye yule wetu. Weupe wake hufunika wekundu tu, weusi haufuniki. Akipewa kuku weusi, wengi wa vifaranga hutoka weusi, na wakikua baadhi huonyesha shingo nyeupe na wengine shingo nyekundu. Katika baadhi ya kuku wa viwanda huchanganywa na weupe wenye nguvu pia, kwa hiyo watoto wanaweza kutoka kila rangi. Ukiona jogoo mweupe mwenye kutu mabegani au mgongoni, basi jua ni mchanganyiko, na umuulize mwuzaji maswali kabla ya kutoa pesa.

Tukija kwa kuku wa mistari, wale wa kijivu, hapa kuna makosa mawili. Kosa la kwanza ni kumchanganya na kuku wa madoadoa meupe. Ng'oa unyoya mmoja wa kifuani uutazame. Kuku wa mistari ana mistari meupe na meusi inayokata unyoya mara nyingi, kama ngazi. Wa madoadoa ana doa jeupe moja tu penye ncha. Hawa si ndugu. Mistari ni urithi wenye nguvu, madoadoa hujificha. Ukinunua jogoo wa madoadoa ukitegemea vifaranga wa madoadoa kwa kuku zako wa kawaida, huenda usipate hata mmoja.

Kosa la pili ni kudhani majogoo wote wa mistari ni sawa. Jogoo anaweza kuwa na mafungu mawili ya mistari au moja. Mwenye mawili ni mweupe zaidi, mistari yake meupe ni mipana. Mwenye moja ni mweusi zaidi, anakaribia rangi ya jike wa mistari. Wa kwanza hutoa vifaranga wote wa mistari, wa pili nusu tu. Waweke pamoja juani utaona tofauti, lakini ukimwona mmoja peke yake sokoni si rahisi kusema.

Kuku jike yeye hana zaidi ya fungu moja la mistari, na analipeleka kwa wanawe madume tu. Hili lina faida kubwa kwa kikundi. Chukua majike wa mistari, wape jogoo mweusi asiye na mistari hata kidogo. Vifaranga madume watatoka na doa jeupe juu ya kichwa, majike watakuwa na kichwa cheusi. Siku ya kwanza tu mmeshajua ni nani wa kubakia na nani wa kuuzwa akipata uzito. Mkigeuza, jogoo awe wa mistari na majike weusi, ujanja huu haufanyi kazi, kwa sababu jogoo huwagawia mistari watoto wa kike na wa kiume bila ubaguzi.

Halafu kuna kishingo, kuku wa shingo uchi. Wengine humcheka, wengine humkataa sokoni wakidhani ni mgonjwa. Sisi tunasema msimdharau, hasa katika joto letu. Manyoya yake ni machache kuliko ya kuku wa kawaida, na hivyo joto hutoka mwilini kwa urahisi. Kishingo mwenye mafungu mawili hupungukiwa na manyoya kwa kiasi cha asilimia 40. Huyu hahitaji kubahatisha hata kidogo. Tazama sehemu ya chini ya shingo kwa mbele. Akiwa na kishungi cha manyoya hapo, ana fungu moja, na nusu ya watoto wake kwa kuku wa kawaida watakuwa vishingo. Akiwa uchi kabisa bila kishungi, ana mafungu mawili, na watoto wote watakuwa vishingo. Hata kifaranga wa siku moja anaonekana.

Kuku wa manyoya yaliyopinda kwa nje naye ana fungu moja. Msizalishe wawili wa namna hiyo pamoja. Robo ya watoto watapata mafungu mawili, na manyoya yao hukatika mpaka wanabaki karibu uchi, na usiku wa baridi wa Julai wanaumia.

Sasa wale wanaoitwa kienyeji walioboreshwa. Hapa rangi haisaidii chochote. Kuku waliochaguliwa Naivasha na KARI, ambayo siku hizi ni KALRO, walitokana na kuku wa kienyeji wa sehemu mbalimbali za nchi, na hutoka weusi, wekundu, wa mistari na wa kila namna. Kenbro, Sasso na Kuroiler nao wana rangi zinazofanana na hizo. Tofauti ni kama ya mahindi. Mkulima wa Ukambani anajua kwamba Katumani unaweza kuchagua magunzi mazuri ukapanda tena mwaka ujao, lakini mahindi ya haibridi ukirudisha mbegu yake shambani hupati yale uliyonunua. Kuku wanaotolewa na makampuni kwa kuchanganya damu ni kama haibridi. Ni wazuri kwa kufuga na kuuza, lakini watoto wao hutawanyika, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, mmoja anaatamia, mwenzake hapana. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwuzaji si "ni rangi gani?" Muulize: vifaranga hawa wazazi wao ni nani, na je, mama yao aliatamia?

Kama hakuna wa kukujibu, mpime jogoo mwenyewe kabla hajazungushwa. Sisi siku hizi tunafanya hivi. Tunachagua majike wawili au watatu weusi na kuwatenga na majogoo wengine wote kwa wiki tatu. Usifupishe hapo! Kuku jike huhifadhi mbegu ya jogoo mwilini kwa wiki mbili na hata zaidi, na mayai utakayookota mapema yanaweza kuwa ya jogoo wa jirani. Wiki tatu zikiisha anaingizwa jogoo mpya peke yake, na baada ya wiki moja tunaanza kuweka mayai, tukiandika tarehe kwa penseli juu ya ganda. Mayai anapewa kuku mwaminifu wa kuatamia, siku 21, basi.

Je, vifaranga wangapi wanatosha? Tuseme ni jogoo wa mistari na unataka kujua kama ana mafungu mawili. Angekuwa na moja, kila kifaranga angekuwa na nafasi nusu kwa nusu ya kutoka bila mistari. Akitokea hata mmoja asiye na mistari, jibu umepata. Wakitoka saba na wote ni wa mistari, uwezekano wa jogoo mwenye fungu moja kukudanganya hivyo ni mara moja tu katika 128. Kwa hiyo uatamiaji mmoja mzuri unatosha kwa rangi.

Kwa kuatamia hautoshi. Hiyo inangoja matetea wakue, karibu miezi sita au saba, na lazima daftari liwepo. Tunawafunga uzi wa rangi mguuni, rangi moja kwa kila jogoo, na kuubadilisha wanapokua ili usiwakate. Katika daftari tunaandika alianza kutaga lini, alitaga mayai mangapi, alikaa juu ya mayai au aliyaacha, na vifaranga wangapi walitoka. Mwanzoni wazee wengine walituona wajinga kuandika habari za kuku kama za ubatizo. Sasa wanatuma watoto kuuliza uzi mwekundu unaendeleaje.

Wale matetea watatu walioatamia hatukuwauza. Tuliwapa jogoo wa kienyeji kutoka upande wa Nguni, mweusi, wa kawaida kabisa, ambaye mama yake tulimwona kwa macho yetu akiongoza vifaranga kumi na mmoja. Vifaranga wao wa kwanza walitoka 17. Kikundi kinachotaka kuliona daftari au kuazima jike mweusi wa kupimia kije siku yoyote ya mkutano wetu, na kije na kikapu chenye mfuniko.